Ngalawa Si Ya Kuletewa

Alfajiri moja pita ufukweni Kunduchi umtazame mvuvi kabla hajaishua ngalawa yake. Anakaza kamba zinazoshika matengo, zile mbao za pande mbili zinazozuia chombo kisipinduke. Anasimamisha mlingoti, analifunga tanga kwenye foromali, kisha anaiweka sawa demani atakayoishika baharini.

Kazi hiyo ina historia ndefu. Gogo mara nyingi ni la mwembe, mti wenye asili ya Bara Hindi. Matengo, wanahistoria wengi wanaona, yalitokana na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, waliofika Madagaska zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Tanga la pembe tatu lina undugu na la majahazi ya Uarabuni.

Basi, je, pwani yetu ilipokea tu? La hasha! Aliyeviunganisha vyote hivyo vikawa ngalawa ni fundi wa hapa hapa.

Leo boti za faiba na mashine zinaongezeka. Tusipojifunza mafundo yale kwa wazee wangali hai, kesho tutaambiwa hatukubuni kitu, na hatutakuwa na jibu.