Lugha ya Jalada: Dragnet na Sauti ya Polisi katika Redio na Televisheni, 1949–1970



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana kuwa mbali na ukumbi wa taaluma za Kiswahili. Ni historia ya tamthilia ya mfululizo ya polisi iliyotungwa Los Angeles, Marekani, ikaanza kusikika redioni mwaka 1949 na kuonekana katika televisheni mwishoni mwa 1951. Jina lake ni Dragnet. Tunaijadili hapa kwa sababu swali lake kuu ni swali la lugha: inakuwaje matini ya kuigizwa ikasadikiwa na mamilioni ya watu kuwa ni ukweli mtupu, na ni nani anayenufaika na imani hiyo? Hoja yetu ni kwamba nguvu ya Dragnet haikuwa katika visa vyake, ambavyo vingi vilikuwa vya kawaida, bali katika rejesta yake. Iliazima lugha kavu ya jalada la polisi ikaifanya lugha ya sanaa. Pamoja na lugha hiyo iliazima pia mamlaka ya ofisi iliyoandika jalada, na kimya chake.

Usuli

Dragnet haikuwa tamthilia ya kwanza ya polisi. Kuanzia 1933 hadi 1939 wasikilizaji wa magharibi ya Marekani walikuwa na Calling All Cars, iliyotumia visa vya Idara ya Polisi ya Los Angeles na kumpa mkuu wa polisi mwenyewe nafasi ya kuzungumza. Kisha kikaja Gang Busters, kipindi kilichojulikana kwa ving'ora na milio ya bunduki. Aidha, katika miaka ya 1940 redio ilijaa wapelelezi binafsi wenye majibu makali na tashbihi nyingi. Jack Webb (1920–1982), ambaye ndiye kiini cha historia yetu, aliwahi kuigiza mmoja wa wapelelezi hao, Pat Novak.

Mwaka 1948 Webb alipata sehemu ndogo katika filamu ya He Walked by Night, akiigiza mtaalamu wa maabara ya polisi. Mshauri wa filamu hiyo alikuwa Sajini Marty Wynn wa Idara ya Polisi ya Los Angeles. Kutokana na mazungumzo yao likazaliwa wazo la kipindi kitakachofuata kazi ya polisi kama ilivyo katika majalada, pamoja na uchovu wake na kungoja kwake. Shirika la NBC likaanza kukirusha katikati ya 1949. Webb aliigiza Sajini Joe Friday. Mwenzake wa kwanza, Ben Romero, aliigizwa na Barton Yarborough hadi alipofariki Desemba 1951. Baadaye nafasi ya mwenzi ikashikwa na Ben Alexander kwa jina la Frank Smith. Mmoja wa waandishi wakuu wa awali alikuwa James E. Moser.

Jina lenyewe lastahili kutazamwa. Kwa asili ni neno la wavuvi, lenye maana ya wavu wa kukokota; wavuvi wetu wangesema juya au kokoro. Polisi wa Marekani walilichukua kwa maana ya msako wa kuzunguka eneo zima. Ni sitiari inayoahidi kwamba hakuna kitakachopenya. Ahadi hiyo tutaipima baadaye.

Sifa za rejesta

Sifa ya kwanza ni fomula ya ufunguzi. Mtangazaji huwaambia wasikilizaji kwamba kisa watakachosikia ni cha kweli, ila majina yamebadilishwa ili kuwalinda wasio na hatia. Kisha Friday mwenyewe hutaja siku, hali ya hewa ya jiji, zamu aliyokuwamo, kitengo alichofanyia kazi, jina la mwenzake na la mkuu wake. Tulinganishe na fomula za ngano zetu. Paukwa na pakawa, au hapo zamani za kale, humtoa msikilizaji katika wakati wake na kumwingiza katika ulimwengu usio na tarehe. Fomula ya Dragnet hufanya kinyume chake: humfunga msikilizaji katika tarehe na mahali, hata asipate nafasi ya kuuliza kama anasimuliwa hadithi.

Sifa ya pili ni dayalojia. Maswali ni mafupi, na majibu ni mafupi zaidi. Sauti haipandi wala haishuki sana. Katika televisheni Webb alitumia mashine ya kupitisha maandishi mbele ya waigizaji, ili wasome maneno yao badala ya kuyahifadhi kichwani na kuyapamba kwa maigizo. Kwa hiyo ule usemi uliosifiwa kuwa wa asili ulikuwa kwa kweli maandishi yanayosomwa kwa sauti. Kwa wanaochunguza uhusiano wa usemi na uandishi, hili ni jambo la kuzingatiwa: ukavu uliodhaniwa kuwa ni kukosekana kwa sanaa ulikuwa ni zao la sanaa na mitambo.

Sifa ya tatu ni istilahi. Waandishi waliingiza vifupisho na maneno ya kazi ya polisi pasipo kuyafafanua. Msikilizaji alilazimika kukisia maana kutokana na muktadha, na alipofaulu alijiona naye ni mtu wa ndani. Sifa ya nne ni sauti zisizo za maneno: nyayo, milango, simu, magari, vyote vikitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Muziki wa Walter Schumann, wenye noti nne nzito za kufungulia, ulitambulika hata na watu wasiofuatilia kipindi.

Sifa ya tano ni hitimisho. Mwishoni mtangazaji alieleza kesi ilisikilizwa katika mahakama gani na mkosaji alipewa adhabu gani. Hukumu ilifanya kazi ya nukta mwishoni mwa sentensi. Kilichobaki nje ya hukumu hakikuwa sehemu ya kisa.

Tusikosee kudhani kwamba mtindo huu haukuwa na moyo. Katika kipindi cha Krismasi cha mwaka 1949, kilichorudiwa katika televisheni mwaka 1952, mtoto anakufa kwa bunduki iliyonunuliwa iwe zawadi ya sikukuu. Hakuna mwizi wa kukimbizwa wala fumbo la kufumbuliwa. Lugha inabaki ileile ya taarifa, na huzuni inaongezeka kwa sababu hakuna anayelia kwa niaba yetu. Ndiyo maana Dragnet ilipendwa. Katika msimu wa 1953–1954 ilishika nafasi ya pili kwa idadi ya watazamaji wa televisheni Marekani, ikitanguliwa na I Love Lucy pekee. Matangazo ya redio yaliendelea hadi 1957, na mfululizo wa kwanza wa televisheni ulifikia vipindi 276 kabla ya kukoma mwaka 1959.

Kauli isiyosemwa

Waamerika wengi wakiulizwa kauli maarufu ya Joe Friday watataja ile ya kumtaka mama anayehojiwa aeleze ukweli tu. Kwa maneno yale hasa yanayokumbukwa, kauli hiyo haikuwa ya Friday. Alikuwa na kauli zinazokaribiana nayo, lakini aliyeieneza ni mchekeshaji Stan Freberg. Santuri yake ya mzaha ya mwaka 1953, St. George and the Dragonet, ilisimulia uwindaji wa zimwi kwa lugha ya kipolisi, nayo ikaongoza kwa mauzo. Dhihaka ndiyo iliyofupisha mtindo wa kipindi kizima kuwa kishazi kimoja, na jamii ikakirudisha kishazi hicho kinywani mwa mhusika.

Tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, rejesta ikiwa imara kiasi cha kuigwa kwa mzaha, hiyo ni dalili kwamba imekwisha kuwa mali ya umma. Pili, kipindi kilichojinadi kwa uaminifu wa maneno kinakumbukwa kwa maneno ambayo hakikuyasema. Kumbukumbu ya jamii haihifadhi matini. Huhifadhi umbo la matini.

Kilichopenya wavuni

Ukavu huu ulikuwa na bei yake. Idara ya Polisi ya Los Angeles ilitoa visa na ushauri, nayo ilipata fursa ya kuipitia miswada kabla ya kurekodiwa. Idara ilikuwa na haja kubwa ya sifa njema. Mwaka uleule wa 1949 mkuu wake, Clemence Horrall, alistaafu katikati ya kashfa ya rushwa. Mwaka 1950 alishika uongozi William H. Parker, aliyebaki katika cheo hicho hadi kifo chake mwaka 1966. Parker alitaka askari mwenye nidhamu, mtaalamu, asiyehongeka. Na Joe Friday alikuwa picha ya askari huyo.

Tuzitazame tarehe. Dragnet ilionekana katika televisheni kwa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 1951. Alfajiri ya Krismasi, siku tisa baadaye, askari wa idara hiyohiyo waliwapiga vibaya vijana saba waliokuwa mikononi mwao. Watano kati yao walikuwa na asili ya Meksiko. Tarehe 3 Januari 1952 kipindi kikaanza ratiba yake ya kawaida. Kesi ya Krismasi ile ilipofikishwa mahakamani, askari wanane walishtakiwa na watano wakatiwa hatiani. Hapo palikuwa na ukweli wa kutosha kwa mtu aliyetaka ukweli tu. Lakini ulikuwa ukweli wa namna ambayo wavu wa Dragnet haukufumwa kuunasa.

Hatusemi kwamba waandishi walidanganya. Visa vingi vilitokana na majalada ya kweli. Tunachosema ni kwamba jalada huandikwa na upande mmoja. Ndani yake askari ni nafsi ya kwanza, raia ni nafsi ya tatu. Askari anauliza, raia anajibu. Tamthilia iliyochukua umbo la jalada ilirithi mgawanyo huo wa nafsi.

Agosti 1965 mtaa wa Watts, wenye wakazi wengi Weusi, ulilipuka kwa ghasia na watu 34 wakafariki. Januari 1967 Webb aliirudisha Dragnet katika televisheni, sasa kwa rangi, akiwa na Harry Morgan kama Bill Gannon. Vikatengenezwa vipindi 98 hadi 1970. Majina ya vipindi yakaja kufanana na lebo za majalada. Hata hivyo, Friday wa sasa hakuwa yule wa maneno machache. Katika kipindi cha The Interrogation cha mwaka 1967 anamhutubia askari kijana kwa kirefu kuhusu mateso ya kazi yao, na katika kimoja cha mwaka 1968 yeye na Gannon wanaitetea polisi katika mjadala wa televisheni. Zamani ukavu ulitosha kushawishi kwa sababu wasikilizaji wengi waliiamini sauti ya ofisi. Imani hiyo ilipotikisika, taarifa ikageuka hotuba.

Funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili

Fasihi yetu ya upelelezi ilianza kwa njia nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa si askari. Ni raia mwenye kiko na akili kali, wa ukoo mmoja na Sherlock Holmes. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, mpelelezi ni Inspekta Wingo, mtumishi wa dola. Hatudai kwamba Dragnet iliwaathiri watunzi hawa. Tunapendekeza tu kwamba tofauti ya mpelelezi raia na mpelelezi askari ichunguzwe pia kama tofauti ya rejesta: nani anasimulia, kwa lugha ya nani.

Kiswahili kinatupa zana nzuri za uchunguzi huo. Tuchukue sentensi tatu: askari walimvunja mtuhumiwa mkono, mtuhumiwa alivunjwa mkono, mtuhumiwa alivunjika mkono. Ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili, katika kauli ya kutendwa, inamficha, ingawa bado tunajua yupo. Ya tatu, katika kauli ya kutendeka, inamfuta kabisa, na mkono unakuwa kama umejivunja wenyewe. Zote tatu ni fupi, zote ni kavu, na zote zaweza kuandikwa katika jalada moja pasipo uongo wa wazi. Kuna umbali mkubwa wa haki kati ya ile ya kwanza na ile ya tatu, na umbali huo umebebwa na mofimu.

Webb alipofariki Desemba 1982, Idara ya Polisi ya Los Angeles ilimpa heshima za mazishi anazopewa askari, na namba 714 ya beji ya Joe Friday ikastaafishwa. Mwigizaji alizikwa kama askari kwa sababu sauti yake ilikuwa imekubaliwa kuwa sauti ya idara. Kazi ya mwanafunzi wa lugha ni kuisikiliza sauti ya namna hiyo kwa makini, hasa inaposema kwamba haina la kuongeza juu ya ukweli, kisha kuuliza ni kitenzi gani kimepoteza mtenda wake.