Mathioya Ilipowasha Nairobi

Mto Mathioya hushuka kutoka milima ya Nyandarua, ukikata miinuko ya chai na kahawa ya upande wa Kangema, Murang'a. Mwaka 1952 maji yake, pamoja na yale ya mto Maragua, yalianza kuzungusha mitambo ya Wanjii, kituo cha megawati 7.4 ambacho leo kiko chini ya KenGen. Mwenye laini za stima wakati huo alikuwa East African Power and Lighting, kampuni iliyozaliwa mwaka 1922 zilipounganishwa kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi. Stima ya Murang'a ikapita juu ya mashamba kuelekea Nairobi. Oktoba 20 ya mwaka huohuo Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na wenye mashamba wakaishi miaka ya kafyu gizani, kando ya mto uliokuwa ukiwasha taa za wengine.

Wao walikuwa na koroboi. Ni mkebe, utambi na mafuta ya taa, basi. Mwanafunzi aliinamia moshi ili aone herufi, na asubuhi akapenga masizi. Mkebe ukipinduka karibu na kitanda, nyumba ilishika moto. Aliyejiweza alinunua taa ya chemli, na karabai iliwashwa penye harusi au matanga. Uhuru ulikuja, hali ikabaki hivyo kwa miongo mingi: nyaya zilifika kwanza sokoni, kwenye viwanda na shule, si kwa mkulima mdogo. Mradi wa Last Mile, uliozinduliwa mwaka 2015, ndio uliopunguza ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, na koroboi ikapoteza sifa yake ya pekee, yaani urahisi wa bei.

Hata hivyo, kuingiziwa stima ni nusu ya safari. Nusu ya pili imo ndani ya balbu, na kwa maoni yangu haijapewa uzito unaostahili. Balbu ya zamani ya wati 60 hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, ndiyo maana wafugaji bado huining'iniza juu ya vifaranga. Mwaka 2010 serikali iligawa bure balbu za kuokoa umeme zaidi ya milioni moja. Zilisaidia, ingawa zina zebaki ndani na ni hatari zikivunjika nyumbani. Kisha ikaja LED. Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walifanikiwa kutengeneza LED ya rangi ya buluu, ambayo bila yake mwanga mweupe wa LED usingepatikana, wakatunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa wati 9 hivi, balbu ya LED hutoa mwanga wa ile ya wati 60.

Tofauti hiyo inaonekana wazi mahali penye stima kidogo. Katika Murang'a hiyohiyo, John Magiro, aliyeanza utotoni na dinamo ya baiskeli, alijenga mtambo wake mwenyewe kwenye mto Gondo akawauzia majirani umeme. Kilowati moja ya mtambo wa namna hiyo huwasha balbu 16 za zamani. Za LED huwasha 111. Kijito kilekile, na kijiji kizima kinapata mwanga.

Kwa mwenye mita ya tokeni, hesabu ni hii. Balbu tatu za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 27 kwa mwezi. Tangu mwaka 2023, bei nafuu kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wanaotumia uniti zisizozidi 30, kwa hiyo redio na simu zikiongezwa, familia hiyo iko ukingoni mwa kupandishiwa bei. Balbu tatu za LED, kwa saa zilezile, hula uniti nne.