Nini hasa kiliiua Jumuiya mwaka 1977?

Kila ninapoitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mazungumzo haya, jibu huwa ni lile lile: iliuawa na Idi Amin. Sina nia ya kumtetea Amin. Alipotwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Lakini ukisoma waliyoandika wanauchumi waliolichunguza jambo hili, kama Arthur Hazlewood katika kitabu chake cha mwaka 1975, utaona kuwa ugonjwa ulikuwamo mwilini zamani.

Ulianzia viwandani. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia katika miaka ya 1920. Walowezi, mabenki na makao ya reli vilikuwa Nairobi, na viwanda navyo vikafuata huko huko. Mtu wa Mwanza au wa Mbale akawa ananunua bidhaa za Nairobi kwa bei iliyokingwa na ushuru, nayo serikali yake ikawa inakosa ushuru ambao ingeutoza kama bidhaa hizo zingetoka ng'ambo. Alilipa mara mbili, na kazi za kiwandani zikabaki kwa jirani.

Hapana anayeweza kusema viongozi hawakuliona hilo. Mwaka 1964 walikubaliana mjini Kampala kugawana viwanda: Tanganyika iunde magari ya Land-Rover na matairi, Uganda baiskeli, Kenya balbu za taa. Kenya haikuyaridhia mapatano hayo. Haikupita miaka mingi, matairi yakawa yanatengenezwa Arusha na Nairobi pia, viwanda viwili vikigombea soko dogo ambalo lilikusudiwa kulishwa na kimoja. Nikiulizwa Jumuiya ilianza kufa lini, mimi huwataja hao matairi kabla ya mwanajeshi yeyote.

Mkataba wa tarehe 6 Juni 1967 ulijaribu tiba nyingine. Makao makuu yalihamia Arusha, Bandari zikapewa Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, Reli na Ndege zikabaki Nairobi. Nchi iliyouziwa bidhaa za viwandani kuliko ilivyouza iliruhusiwa kutoza kodi ya uhamisho kwa bidhaa za mwenzake, alimradi nayo inatengeneza za namna hiyo. Ikaundwa Benki ya Maendeleo, ambayo nchi zote tatu zilichangia sawasawa, lakini mikopo yake ilipaswa kwenda asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na 22.5 tu Kenya. Kwenye karatasi ni haki tupu! Lakini mwenye mtaji wa kujenga kiwanda hatazami asilimia za mkataba. Hutazama barabara, umeme, benki na wanunuzi, na hivyo vyote vilikuwa Nairobi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, mapato ya mashirika yalikuwa yanazuiwa nchini badala ya kupelekwa makao makuu. Mapema 1977 ndege za Jumuiya zikaacha kuruka, Kenya ikaunda shirika lake, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Mkataba mpya wa tarehe 30 Novemba 1999 umeitaja sababu hii katika utangulizi wake: kwamba faida ziliendelea kugawanyika bila ulingano kwa sababu nchi hazikuwa sawa kimaendeleo, na hapakuwa na sera za kutosha za kulirekebisha hilo. Jina la Amin halimo.

Mali ya Jumuiya ya zamani iligawanywa kwa mapatano ya Mei 1984, yaliyosimamiwa na Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila serikali ilitwishwa mzigo wa kuwalipa wananchi wake mafao waliyoyachuma katika mashirika yale. Wakazi wa Dar es Salaam watawakumbuka wazee wa reli, bandari na posta ambao, zaidi ya miaka 20 baada ya mapatano hayo, walikuwa bado wanakwenda mahakamani na mafaili yao kwapani.