Kadi Zilizotupwa Baharini

Wasee, Agosti 2022 kipande cha karatasi ngumu, kidogo kuliko simu yako, kiliuzwa dola milioni 12.6 kwa mnada Marekani. Kwa shilingi za wakati huo hiyo ni kama bilioni moja na nusu. Hatuongelei shamba Karen, ni kadi. Ina picha ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees, na ilitoka 1952 kwa paketi ya chingamu ya watoto. Aliyeiuza alikuwa ameinunua 1991 kwa dola 50,000.

Mimi sijawahi kushika gongo la besiboli, na sheria za huo mchezo bado zinanichanganya. Lakini nilikuwa na mkebe wa stika za wanasoka, mathe akautupa siku tulihama nyumba. Kwa hivyo hii stori naisoma na uchungu kidogo.

Kadi za besiboli hazikuanza kama mali. Kampuni za sigara zilikuwa zinaweka karatasi ngumu ndani ya paketi ndiyo fegi zisivunjike, halafu mtu akaona afadhali wachape picha juu yake. Kati ya 1909 na 1911 American Tobacco Company ilitoa seti ambayo leo inaitwa T206. Ndani kulikuwa na Honus Wagner wa Pittsburgh, na kadi yake ikasimamishwa mapema. Kuna wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara kwa sababu ya sura yake. Wengine wanasema alitaka alipwe. Vyovyote vile, zinazojulikana leo ni kama 60 tu, na 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Sasa rudi kwa Mantle. 1952 kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa seti kubwa ya kadi 407, zikitoka kwa mafungu. Jamaa wa Topps anaitwa Sy Berger ndiye alisimamia hiyo kazi. Mantle ni namba 311, mwanzo wa fungu la mwisho, na fungu hilo lilifika madukani msimu ukielekea kuisha. Watoto walikuwa washaanza kufikiria shule na mpira mwingine. Kadi zikabaki zimejaa stoo miaka na miaka. Berger mwenyewe alisimulia kwamba karibu na 1960 alizipakia kwa chombo cha kubebea taka, wakazivuta hadi ndani ya Atlantiki, wakazimwaga. Kulikuwa na akina Mantle humo, unapiga hesabu unaumwa na kichwa. Lakini pia kama hangezimwaga, hiyo kadi haingefika hiyo bei. Hapo ndipo watu huteleza, wanadhani uzee ndio unaleta doh. Kinacholeta doh ni wale wote waliotupa zao, wakiwemo mamathe wa Marekani waliosafisha vyumba vya vijana wao.

Vijana hao walipokuwa wazee wenye pesa wakaanza kuzitafuta, bei zikapanda, na miaka ya themanini mwishoni kila mtu akajifanya mjanja. Watu walinunua maboksi mazima, wakayafungia bila kufungua, wakisema hii ni karo ya mtoto. Kampuni nazo zikachapa bila breki. 1994 wachezaji wakagoma, fainali za mwaka huo zikafutwa, na hamu ya watu ikapoa. Leo maboksi mengi ya enzi hiyo hayakulipii hata semista moja. Na mimi niliyeacha campo najua semista ni ngapi.

Kuna wengine ambao kadi zao hakuna aliyezitupa, kwa sababu hazikuchapwa. Josh Gibson alikuwa mpigaji hatari wa ligi za weusi, enzi ligi kuu ikiwafungia mlango. Kampuni kubwa za kadi za Marekani hazikumtoa akiwa hai. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajauvunja huo mlango. 2024 ligi kuu ilikubali kuhesabu takwimu za ligi hizo, na Gibson akaenda juu ya orodha ya wapigaji wa muda wote, akimpita Ty Cobb. Cobb ana kadi nne kwenye ile seti ya sigara.

Mtu wangu katika hii stori yote ni Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda huko Syracuse, mgonjwa wa baridi yabisi, vidole vimekunjamana. Alikusanya kadi za kila aina wakati wengine waliziona takataka, akaandika orodha ya kuzipanga. Jina T206 limetoka kwake. Halafu akaipa Metropolitan Museum ya New York vipande zaidi ya 300,000, bure, na akawa anaenda huko kuzibandika kwa albamu moja moja, kwa mikono hiyohiyo. Alimaliza Januari 1963. Machi akafariki.

Honus Wagner yumo. Burdick alimpaka gundi mgongoni kama wengine wote, kitu ambacho mchuuzi wa kadi wa leo akikiona anaweza kuzimia.