Jina la Kiarabu, Fasili ya Kiingereza: Historia ya Istilahi za Tamathali katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna msamiati wa Kiingereza wa kuzungumzia fasihi ulivyohamishiwa katika Kiswahili, hasa baada ya mwaka 1970. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi kadhaa za msingi za tamathali za semi zilichukua umbo kutoka Kiarabu na fasili kutoka darasa la Kiingereza, na kwamba umbo hilo limeificha asili ya fasili yenyewe. Kwa kuchunguza sitiari, tashihisi na kinaya, kisha kuzilinganisha na istilahi za ndani kama vile guni, chuku na fumbo, makala inaonyesha kuwa suala hili linagusa namna matini za Kiswahili zinavyosomwa na namna wanafunzi wanavyopimwa.

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari, awe Tanga au Mombasa, hufundishwa kwamba "Juma ni kama simba" ni tashibiha, na "Juma ni simba" ni sitiari. Kinachotofautisha sentensi hizo, anaambiwa, ni kuwepo au kutokuwepo kwa neno la kulinganishia: kama, mithili ya, mfano wa. Mwanafunzi mdadisi akifungua kamusi ataona kuwa tashibiha na sitiari ni maneno yenye asili ya Kiarabu, naye atahitimisha kuwa utofautishaji huo nao umetoka huko. Hitimisho hilo lina mantiki, ila si sahihi. Katika mkondo mkuu wa balagha ya Kiarabu, sentensi hizo mbili zingetiwa katika kapu moja. Kilichotoka Kiarabu ni jina. Kigezo kimetoka katika somo la Kiingereza.

Jambo hili halijitokezi katika jozi hiyo pekee. Linahusu sehemu kubwa ya msamiati ambao kwao fasihi ya Kiswahili inafundishwa, inatahiniwa na kuhakikiwa. Kwa hiyo swali la istilahi hizi zilitoka wapi si la wapenda etimolojia peke yao. Ni swali kuhusu macho ambayo msomaji wa Kiswahili amepewa ya kuitazamia kazi iliyo mbele yake.

Msamiati wa washairi na msamiati wa shule

Kiswahili hakikuwa bubu kuhusu sanaa yake kabla ya vyuo vikuu. Washairi wa pwani walikuwa na ubeti, mshororo, kina, mizani, kituo, bahari na utenzi, na waliyatumia maneno hayo kwa usahihi mkubwa. Sheikh Amri Abedi aliuweka ujuzi huo katika maandishi ya mfumo alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Hata hivyo, msamiati huo ulikuwa wa fundi na mwanagenzi wake. Kazi yake kubwa ilikuwa kumwongoza mtunzi na kumrekebisha alipokosea. Kuandika insha ya kuichambua diwani nzima ilikuwa kazi ya aina nyingine.

Uhakiki wa aina hiyo uliandikwa kwa lugha nyingine. Edward Steere alipotoa Swahili Tales mwaka 1870, na Lyndon Harries alipotoa Swahili Poetry mwaka 1962, maelezo yao yalimlenga msomaji wa Kiingereza. Kwa upande wa shule, Mwafrika Mashariki aliyefika sekondari, na hasa aliyefika Makerere, chuo kilichoingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, alijifunza kuzungumzia fasihi kwa kumsoma Shakespeare na wenzake. Majina ya tamathali yalimfikia kama orodha: jina, fasili ya sentensi moja na mfano wa kukariri. Julius Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963, alithibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kuubeba ushairi wa Shakespeare. Kuuchambua ushairi huo kwa Kiswahili lilikuwa jambo jingine.

Hitaji la mwaka 1970

Mazingira yalibadilika upesi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata hadhi kamili, Idara ya Kiswahili ilianzishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachukua jina hilo. Idara hiyo ilifundisha kwa Kiswahili. Mhadhiri ambaye alikuwa amesoma uhakiki kwa Kiingereza alitakiwa sasa aingie darasani na kuutaja kila kipengele kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakufundishiwa.

Matokeo ya juhudi hizo yanaonekana katika machapisho ya kipindi hicho. Hisi Zetu ya T.S.Y. Sengo na S.D. Kiango ilitoka mwaka 1973. Fasihi ya F.E.M.K. Senkoro ilitoka mwaka 1982. Kati ya miaka hiyo, jozi ya fani na maudhui ilijikita kuwa mhimili wa uhakiki nchini Tanzania, ikisaidiwa na mjadala wa Kimarx uliokuwa na nguvu chuoni wakati huo.

Njia iliyopendelewa zaidi ilikuwa kuchukua neno lenye asili ya Kiarabu na kulipa kazi mpya. Istilahi fasihi yenyewe ni mfano mzuri. Waarabu huiita fasihi adab, lakini Kiswahili kilikwisha kulichukua neno hilo na kulifanya adabu, yaani mwenendo mwema. Nafasi ikajazwa na neno la ukoo wa fasaha, ambalo kwa Kiarabu ni kivumishi cha msemaji au usemi ulio safi na bayana. Riwaya, ambayo katika elimu ya Kiislamu inahusu upokezi wa habari kutoka kwa msimulizi hadi msimulizi, ilipewa utanzu wa hadithi ndefu ya nathari, kama ilivyotokea pia katika Kiarabu cha kisasa. Dhamira, neno la nia iliyomo moyoni, likatumika kutaja wazo kuu la kazi.

Uteuzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Maneno hayo yalikwisha kuzoeleka masikioni, yalikubali viambishi vya Kiswahili bila taabu, na yalikuwa na heshima ya elimu. Zaidi ya hayo, hayakuwa ya mkoloni. Ila sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta utata, kwa sababu neno lisilofanana na Kiingereza linaweza kuibeba fasili ya Kiingereza bila mtu kuishuku.

Sitiari, tashihisi na kinaya

Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanazuoni wa karne ya 11, alishughulika sana na mpaka kati ya tashbih na isti'ara. Katika mkondo uliotokana na kazi yake, "Zaidi ni simba" ni tashbih, kwa kuwa Zaidi na simba wote wametajwa. Kuondoa neno la kulinganishia kunaukoleza ulinganisho tu. Isti'ara hutokea pale ambapo mmoja wa wawili hao hatajwi kabisa: "nimemwona simba akihutubia". Hapo jina limeazimwa hasa, na hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe, kuazima. Vitabu vya shule vya Kiswahili vinapoifanya "Juma ni simba" kuwa mfano wa kwanza wa sitiari, vinafuata utaratibu wa masomo ya Kiingereza wa kutenganisha 'simile' na 'metaphor' kwa kutazama neno la kulinganishia.

Tashihisi ina historia tofauti kidogo. Balagha ya kale haikuipa kitendo cha kukipa kitu sifa za mtu fungu lake chini ya jina hilo. Kwa kawaida kiliangukia ndani ya isti'ara. Jina lenyewe ni la uhakiki wa Kiarabu wa kisasa, ambao nao ulikuwa ukizungumza na Ulaya. Katika istilahi hii, kwa hiyo, Kiswahili na Kiarabu vilikutana vikiwa vyote viwili wanafunzi.

Mfano wenye uzito zaidi ni kinaya. Al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1338, anaiweka kinaya kuwa mojawapo ya sehemu za elimu ya bayani, pamoja na tashbih na majazi. Kinaya kwake ni kutaja jambo kwa kupitia jambo linaloambatana nalo. Mfano mashuhuri ni ule wa kumwita mtu "mwenye majivu mengi": majivu mengi huonyesha moto mwingi, moto mwingi mapishi mengi, mapishi mengi wageni wengi, basi huyo ni mkarimu. Hakuna kejeli humo, wala kinyume. Katika uhakiki wa Kiswahili, kinaya ni hali au usemi ambao maana yake inakwenda kinyume na kinachosemwa au kutarajiwa, na hiyo ni fasili ya 'irony'. Fonolojia nayo ilichangia utata. Kiswahili kina kinaya nyingine, yenye maana ya kutosheka au kujitosha, inayohusiana na kitenzi kukinai na iliyotokana na mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu. Konsonanti zilizoitofautisha mizizi hiyo miwili huko zilipotea katika matamshi ya huku, na maneno yakawa na sura moja.

Hasara yake ni dhahiri. Mtafiti anayesoma tendi zilizotungwa na masheikh waliosoma balagha anaweza kukuta mbinu ya "majivu mengi" mara kwa mara, lakini jina lake la asili limekwisha kuchukuliwa. Asipokuwa mwangalifu, ataiita sitiari, au ataipita bila kuiona.

Njia mbili: Tanzania na Kenya

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na hitaji la istilahi likawa kubwa ghafla. Vitabu vilivyofuata, vikiwemo Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia ya K.W. Wamitila ya mwaka 2003, vilipanua msamiati kwa kiasi kikubwa. Ila istilahi za nchi hizi mbili hazikwenda sambamba. Penye tashihisi upande mmoja, upande mwingine huongeza uhuishi. Penye mubalagha, chuku. Tofauti za namna hiyo hazidhuru sana, kwa kuwa ni majina mawili ya kitu kimoja.

Tatizo ni pale ambapo jina moja lina vitu viwili. Darasani Tanzania, dhamira kwa kawaida ni mawazo yanayojitokeza katika kazi, nayo ni sehemu ya maudhui. Darasani Kenya, mawazo hayo kwa kawaida ndiyo maudhui, na dhamira ni lengo la mwandishi. Swali "jadili dhamira za riwaya hii" linadai majibu mawili tofauti kwa wanafunzi wawili waliosoma kitabu kilekile. Vilevile, isti'ara imeingia mara mbili: sitiari imebaki na ulinganisho wa moja kwa moja, na istiara, katika vitabu vingi vya Kenya, ni hadithi nzima yenye maana ya pili iliyofichika. Neno moja la Kiarabu limepasuliwa ili lizitoshe dhana mbili za Kiingereza, 'metaphor' na 'allegory'.

Maneno ya ndani

Si kila istilahi ilipitia njia hiyo. Kisengerenyuma, neno la kawaida la mwendo wa kurudi nyuma, lilifaa bila marekebisho kutaja usimulizi unaorudi katika yaliyopita, na likazaa kisengerembele. Chuku ni pembe ya kuumikia. Kupiga chuku kulikwisha kuwa na maana ya kutia chumvi kabla ya mhakiki kulihitaji neno hilo. Guni lilikuwa neno la washairi la kulaumu shairi lenye kasoro ya kanuni. Ulipozuka mgogoro wa ushairi katika miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, uchaguzi wa jina ulikuwa sehemu ya mabishano: aliyesema shairi huru alitafsiri kutoka Kiingereza na kutetea, aliyesema guni alizungumza kutoka ndani ya kanuni na kuhukumu.

Neno la ndani, hata hivyo, halina hakika ya kudumu. Kiingereza chenyewe kiliwahi kujaribu. Mwaka 1589, George Puttenham, akiona majina ya tamathali ni ya Kigiriki na Kilatini, alizipa majina ya Kiingereza cha kawaida; kinaya, kwa mfano, aliipa jina la mzaha mkavu. Majina yake mengi hayakushika, na Waingereza wakabaki na ya kigeni. Ugeni wa jina, basi, si kasoro ya Kiswahili peke yake.

Kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni dhana ambayo orodha ya shule haina nafasi yake. Fumbo ndiyo dhana hiyo. Methali inasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo halitambuliwi kwa kuwepo au kutokuwepo kwa "kama". Linatambuliwa kwa uhusiano wa watu watatu: anayefumba, anayefumbiwa na anayefumbua. Ndani yake mnaweza kuwamo tashibiha, sitiari na kinaya kwa pamoja. Mwanafunzi akilichambua shairi la majibizano la Mombasa ya karne ya 19 kwa kuorodhesha tamathali zake, atapata alama zake zote, na huenda asiulize kamwe shairi hilo lilimlenga nani.

Hitimisho

Makala hii haipendekezi kuziacha sitiari wala kinaya. Istilahi iliyokwisha kutumika kwa vizazi viwili ni mali ya lugha, na maana yake ni ile waliyoipa watumiaji wake. Kinachopendekezwa ni mambo matatu. Kwanza, kamusi za fasihi zionyeshe chanzo cha fasili sambamba na chanzo cha umbo, ili mtafiti asidhani kuwa kinaya ya darasani ndiyo kinaya ya al-Qazwini. Pili, mabaraza ya mitihani ya nchi zinazofundisha fasihi ya Kiswahili yakubaliane kuhusu istilahi chache zenye maana mbili, dhamira ikiwa ya kwanza. Tatu, dhana za ndani kama fumbo zifundishwe kama vigezo vya uchambuzi, zisiachwe kuwa kipera cha fasihi simulizi tu. Wahadhiri wa miaka ya 1970 walipaswa kuingia darasani na majina mkononi, nao wakayapata. Kuzipima fasili zilizokuja na majina hayo, kwa kuanzia na zile zilizomo katika vitabu vya kiada, ni kazi iliyo mbele ya wahakiki wa sasa.