Kutoka Kufutika hadi Kutofikiwa: Historia ya Maelezo ya Uelewa wa Maneno ya Kusikika kwa Wenye Afasia, 1874–2015

Mtu mwenye afasia anapoambiwa aguse kikombe, naye akagusa kijiko, kosa lake huweza kufasiriwa kwa njia tatu. Huenda sauti za neno hazikupambanuliwa. Huenda zilipambanuliwa lakini umbo la neno halikutambuliwa. Au huenda neno lilitambuliwa lakini maana yake haikupatikana ilipohitajika. Kwa nje, kosa ni lile lile. Makala haya yanafuatilia namna fasiri hizo zilivyoshindana tangu mwaka 1874, na yanadai kwamba nadharia zilibadilika kutokana na namna wagonjwa walivyoulizwa, si kutokana na ramani ya ubongo peke yake.

Paul Broca, mjini Paris mwaka 1861, alikuwa ameelekeza macho ya matabibu kwenye kusema: mgonjwa wake mashuhuri alitamka silabi "tan" karibu peke yake, ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Carl Wernicke aligeuza swali. Katika kitabu kifupi alichokichapisha mjini Breslau mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 26, alieleza wagonjwa waliosema kwa mtiririko huku maneno yao yakivurugika, nao hawakuelewa waliyoambiwa ingawa hawakuwa viziwi. Mmojawapo, mwanamke mzee, alipofariki, uchunguzi wa maiti ulionesha uharibifu katika mkunjo wa kwanza wa upande wa panja, kwenye nusu ya kushoto ya ubongo. Wernicke alihitimisha kwamba hapo ndipo zilipohifadhiwa taswira za sauti za maneno, na kwamba jeraha lilikuwa limezifuta.

Hoja hiyo haikuwa ya nadharia tupu. Anayejibu swali kwa maneno yasiyohusiana nalo hudhaniwa kwa urahisi kuwa amerukwa na akili, na asiyejibu kabisa hudhaniwa kiziwi. Kuionesha afasia hiyo kuwa maradhi ya lugha kulimwondoa mgonjwa katika hukumu zote mbili.

Mwaka 1877 Adolf Kussmaul aliipa hali mojawapo jina la uziwi wa maneno. Ludwig Lichtheim, mwaka 1885, akapiga hatua ambayo mwandishi wa makala haya anaiona kuwa ya maana kuliko mchoro wake unaonukuliwa sana: aliwatenganisha wasioweza hata kurudia neno walilolisikia na wale wanaolirudia sawasawa bila kulielewa. Kundi hilo la pili lilidhihirisha kwamba kulipokea umbo la neno na kuipata maana yake ni kazi mbili. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1891, aliipinga dhana ya taswira zilizowekwa ndani ya seli kana kwamba ni vitu ghalani. Kwake, neno lilikuwa mtandao wa uhusiano. Hakusomwa sana wakati huo.

Pierre Marie, mwaka 1906, alidai kwamba kiini cha afasia ni upungufu wa akili unaohusu lugha. Kipimo kinachohusishwa naye ni cha karatasi tatu, kila moja ikiwa na agizo lake. Anayeshindwa hapo huenda ameshindwa kushika mlolongo wa maagizo, si kuelewa neno hata moja. Kipimo kilipima mengi kwa mara moja, na jibu likawa pana kama kipimo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Alexander Luria, aliyewachunguza askari waliojeruhiwa kichwani, alishikilia fasiri ya kwanza: kilichovunjika ni usikivu wa fonimu. Kwa mfano wa Kiswahili, asiyepambanua /p/ na /b/ hawezi kutenganisha *pata* na *bata*. Maelezo hayo yalivutia kwa sababu yalipimika, na kwa sababu hiyo hiyo yaliweza kukanushwa. Mwaka 1977 Sheila Blumstein na wenzake walionesha kwamba uwezo wa kupambanua fonimu haukulingana na kiwango cha uelewa; wenye afasia ya Wernicke hawakuwa dhaifu kuliko wote katika kupambanua sauti, ingawa uelewa wao ulikuwa duni.

Je, maana ndiyo iliyopotea? William Milberg na Blumstein waliacha kuuliza moja kwa moja. Katika jaribio la mwaka 1981 wagonjwa walitakiwa kuamua tu kama walichooneshwa ni neno halisi au la. Mwaka 1982 jaribio lilifanywa kwa maneno ya kusikika. Wenye afasia ya Wernicke waliamua upesi zaidi pale neno lilipotanguliwa na jingine lenye maana ya karibu, ingawa walipoombwa kuhukumu uhusiano wa maana wa maneno walishindwa. Maana ilikuwa imeamshwa; kilichokosekana ni njia ya kuifikia na kuitumia kwa kukusudia. Karne moja ya kuagiza "onesha" ilikuwa imepima hatua hiyo ya mwisho tu.

Fasiri ya sauti nayo ilizidi kudhoofika. Gregory Hickok na wenzake, mwaka 2008, waliripoti kwamba nusu ya kushoto ya ubongo ilipolazwa kwa dawa, wagonjwa bado walifanya makosa machache ya kuchanganya sauti zinazofanana, jambo linaloashiria kwamba nusu zote mbili zina uwezo huo. Mwaka 2015 Marsel Mesulam na wenzake walichunguza watu wanaopoteza lugha hatua kwa hatua, wakakuta kwamba kutoelewa neno mojamoja kuliambatana na kusinyaa kwa ncha ya mbele ya upande wa panja wa kushoto, si eneo la Wernicke. Hata hivyo, maradhi hayo hula ubongo polepole, ilhali kiharusi hukata pia nyuzi zinazopita chini ya eneo hilo. Hivyo matokeo hayo hayamfanyi Wernicke kuwa aliona vibaya kitandani pa mgonjwa.