Umri wa Vibete Vyeupe: Kipimo au Kadirio?

Kibete cheupe hakiunguzi tena kitu. Ni kiini kilichosalia baada ya nyota iliyo mfano wa Jua kumaliza fueli yake na kumwaga tabaka zake za nje, na sasa tungamo lake, ambalo mara nyingi hupita nusu ya lile la Jua, limebanwa katika ukubwa wa Dunia. Kilichobaki ni kupoa tu, na ndiyo maana wanaastronomia wamezoea kutaja umri wake kana kwamba wameusoma moja kwa moja angani. Mazoea hayo yana kasoro. Kinachopimwa ni mng'aro. Umri hutokana na nadharia, na nadharia hiyo bado inatiwa viraka.

Msingi uliwekwa na Leon Mestel mwaka 1952. Ndani ya kibete, elektroni zilizobanana hupitisha joto kwa wepesi mno, hata kiini kizima kikawa na halijoto karibu moja. Joto lenyewe limehifadhiwa na ioni za kaboni na oksijeni. Juu yake kuna tabaka jembamba la heli, mara nyingi pamoja na haidrojeni kidogo, na blanketi hilo ndilo linaloamua kasi ya kupoa. Kwa hesabu ya Mestel, mng'aro ukipungua mara kumi, umri huongezeka takriban mara tano. Kwa njia ya aina hii, mwaka 1987 Winget na wenzake walitumia uhaba wa vibete hafifu jirani na Jua kukadiria kuwa sahani ya Galaksi yetu ina miaka bilioni 9.3, pengine bilioni 2 zaidi au pungufu.

Udhaifu ulijitokeza wazi katika NGC 6791, kundi la nyota lililoko kwenye kundinyota la Kinubi. Nyota zake ambazo bado zinaunguza haidrojeni zilionyesha umri wa miaka bilioni 8. Vibete vyake vikaonyesha 6. Nyota za kundi moja huzaliwa pamoja, kwa hiyo hesabu mojawapo ilikuwa na kosa. Mwaka 2010 García-Berro na wenzake walionyesha kwamba kosa liko upande wa vibete. Kundi hili lina utajiri mkubwa wa elementi nzito. Kaboni, nitrojeni na oksijeni ambazo nyota ilizaliwa nazo huishia kwa kiasi kikubwa kuwa neoni-22, yenye nyutroni mbili za ziada, nayo huzama polepole kuelekea katikati. Kuzama huko hutoa nishati ya uvutano. Kiini kinapoganda, kaboni na oksijeni nazo hutengana na kutoa nishati nyingine. Ukijumlisha yote mawili, vibete hufikia miaka bilioni 8.

Msomaji mwenye shaka atauliza kama jibu halikutafutwa ili lilingane na lililokwisha kujulikana. Swali ni la haki, ila kiasi cha neoni hakikubuniwa: kinatokana na elementi nzito ambazo hupimwa katika mwanga wa nyota za kundi hilohilo. Isitoshe, mwaka 2019 Tremblay na wenzake walitumia data za chombo cha Gaia kuonyesha vibete vikirundikana pale hasa ambapo kuganda hupunguza kasi ya kupoa, jambo ambalo Van Horn alilibashiri mwaka 1968.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2019 Cheng na wenzake walikuta kwamba takriban asilimia 6 ya vibete vizito hukawia kupoa kwa miaka ipatayo bilioni 8 zaidi ya makadirio. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2024 na Bédard, Blouin na Cheng ni kwamba fuwele nyepesi huelea juu huku kimiminika kizito kikishuka, na nishati inayotoka humo hukifanya kibete kikae karibu bila kupoa. Kwa kibete cha namna hiyo, halijoto pekee haisemi lolote la maana kuhusu umri.

Vibete vyeupe basi vitumike kwanza kuichunguza fizikia ya maada iliyobanwa, hasa katika makundi ambayo umri wake umethibitishwa kwa njia nyingine. Mtafiti anayetaja umri wa kibete kilicho peke yake bila kueleza unene wa tabaka la nje na kiasi cha neoni alichokikisia ametoa nusu ya jibu, na wahariri wa majarida wana kila sababu ya kumrudishia makala yake.